Mwaka Niliomwonea Wivu Akinyi

Tulimzika Akinyi Aprili iliyopita, kwa kina mumewe kule karibu na ziwa, na wakanipa kipaza sauti niseme neno kama rafiki wa marehemu. Nikasema alikuwa mkarimu, alikuwa mcheshi, alinishika mkono wakati watu wangu wenyewe hawakujua wanishike wapi. Yote ni kweli. Waombolezaji wakaitikia, mchungaji akakubali kwa kichwa, nikarudi kuketi chini ya turubai. Kisha binti yake, Atieno, akanijia akanong'ona, "Mama mdogo, chakula chako kiko ndani, nimekitenga peke yake," na machozi yaliyokataa kutoka mbele ya watu yakatoka. Ndani ya chumba kile, mbele ya ugali wa mtama na samaki wa kuchemsha, wakati huko nje watu wanagawiwa mikate na mandazi, nililifikiria lile ambalo sikulisema. Akinyi mwenyewe angecheka sana kama angenisikia nikilisema pale: kwamba mwaka wetu wa kwanza nilimwonea wivu vibaya, wivu wa kusaga meno, na kwamba ni wivu huo, kuliko hekima au ujasiri wowote, ulioniponya.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nauza vitambaa katika duka moja mjini Kisii na kuishi Nyakoe kwa dada yangu Moraa. Nilikuwa nimekonda mpaka sketi nazifunga kwa pini. Kila nikimaliza kula tumbo lilifura kama la mtu aliyemeza ngoma, na duka zima lilijua njia yangu ya chooni. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa ameba, nikatibiwa minyoo, nikawekewa mikono na wazee wa kanisa. Siku zile msichana akikonda namna hiyo watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa wake, na hawakulitamka mbele yake. Nilipima, sikuwa nao, lakini nani atazunguka soko la Nyakoe akionyesha watu majibu ya hospitali? Mwishowe daktari mmoja wa mjini, mwanamke mpole aliyependa kuuliza maswali, akanituma kwenye hospitali kubwa ya mbali. Huko wakaniteremshia mpira wenye taa mpaka tumboni, wakanyofoa vipande vidogo vya utumbo wakavipime, nami nikarudi kwake nikingoja kuambiwa nitakufa lini.

"Kerubo," akasema, "tumbo lako linapigana na ngano."

Akanieleza polepole kwamba ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, na kwamba kiko pia kwenye shayiri na kwenye nafaka ya kizungu iitwayo rai. Watu wengi kinawapitia tu, lakini mwili wangu ulikiona kama adui, ukapigana nacho, na uwanja wa vita ulikuwa utumbo wangu. Ugonjwa unaitwa siliaki. Hauna kidonge. Dawa yake ni kuacha.

"Kuacha mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Mtu anaambiwa aache pombe, aache chumvi, lakini aache ngano? Sisi Wagusii hatuli ngano kila siku, chakula chetu ni obokima, ugali wa wimbi au wa mahindi, na ndizi, na mboga. Lakini ngano ndiyo chakula cha heshima. Mgeni akija unampikia chapati. Krismasi ni chapati. Ukimpenda mtu unampikia chapati, na asipokula amekukataa. Hata Meza ya Bwana ina ngano yake: lilipopita lile sinia la mkate mwembamba kanisani nami nikalipitisha kwa jirani bila kuchukua, niliona wamama wawili wakigusana viwiko. Walidhani nimetenda dhambi ambayo mkate hauwezi kuivumilia.

Moraa alipika chapati kila Ijumaa kabla jua halijazama, ziwe tayari kwa Sabato. Jiko lake lilikuwa chumba chembamba nyuma ya nyumba, chenye dirisha dogo la kutolea moshi, na Ijumaa unga ulielea humo kama ukungu wa kilima cha Manga asubuhi. Chapati zake zilikuwa na tabaka, ukizivuta zinafunguka kama kurasa. Watoto wake walisimama mlangoni kungoja ile ya kwanza, ambayo hukatwa vipande na kuliwa ikiwa bado inaunguza. Mimi nilikaa uani nikichambua mboga za managu, nikiwaonea wivu watoto wa dada yangu, watoto wadogo kabisa, na nikiona aibu kwamba nawaonea. "Utakula viazi," aliniambia Moraa bila ubaya wowote. Kisha akanipakulia viazi kwa kijiko kilekile alichopimia unga, kwenye sahani aliyoifuta kwa kitambaa cha meza ya kukandia. Nikaendelea kuumwa, naye akaendelea kushangaa. Na Ijumaa moja, nikiwa nimeinama kwenye ndoo nyuma ya ukuta wa jiko, nilimsikia jirani yetu akimuuliza kwa Kigusii kupitia lile dirisha:

"Huyu mdogo wako, ni ngano kweli au ni ule ugonjwa mwingine?"

Nikangoja dada yangu anitetee. Nilisikia chapati ikigeuzwa. Nilisikia mafuta yakitatarika.

Nilipomweleza daktari kwamba nafuata masharti na bado naumwa, akatafakari kidogo. "Mjini hapa kuna mwanamke mwingine mwenye ugonjwa kama wako. Nitamuuliza kama anakubali mkutane." Akakubali. Ndivyo nilivyofika Daraja Mbili Jumapili moja, kwenye nyumba ya vyumba viwili ndani ya ploti yenye bomba katikati ya ua, nikamkuta Akinyi. Alikuwa amenizidi kama miaka minane, mwanamke wa kando ya ziwa, mpiga taipu katika ofisi ya wakili, mwenye sauti inayomfikia jirani wa tatu. Kigusii hajui, Kidholuo sijui, kwa hiyo tulishikana kwa Kiswahili, kila mtu na cha kwake cha kuungaunga.

"Kumbe uko mdogo hivi!" akasema. "Ingia. Hapa hakuna ngano hata ya panya."

Sijawahi kusahau chumba kile. Meza ilikuwa na kitambaa cha kufuma, redio mbili zilizofunguliwa matumbo, na jiko la mafuta kwenye pembe. Sufuria zilining'inia ukutani, zote mpya, zote zake. Akapika samaki kwa nyanya bila kumpaka unga, ugali wa mtama na muhogo, na mboga chungu aliyoichemsha na maziwa. Nilikula. Nikaongeza. Nikangoja tumbo langu lianze vita vyake, halikuanza. Kisha mlango wa ploti ukalia, nikaona kupitia dirishani mwanamume mrefu akisimama kwenye bomba. Akanawa mikono mpaka viwiko. Akatoa mswaki kwenye mfuko wa shati, akasugua meno, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Ndipo akaingia.

"Ni Ouma, mume wangu," Akinyi akasema, kana kwamba hakuna la ajabu. "Anatengeneza redio pale stendi. Mkate anakulia huko kazini. Hapa hauingii, na mdomo wenye mkate hauingii."

Ouma akanisalimia kwa mikono miwili, akamuuliza mkewe kama tumbo limelala vizuri leo, akaketi kuendelea na redio zake. Nilitazama mikono yake iliyokuwa bado na maji. Nilikwenda kwa mtu mgonjwa kama mimi nikitegemea tulie pamoja. Nikamkuta mgonjwa kama mimi, lakini amepewa kila kitu ambacho sikupewa. Njiani kurudi Nyakoe nilihesabu mambo yake kama mtu anayehesabu makosa ya adui: nyumba yake, sufuria zake, mumewe kwenye bomba. Hata ugonjwa, nikajiambia, umemtendea vizuri kuliko mimi.

Daktari akatupangia tuwe tunakuja kliniki siku moja kila mwezi, akiamini tutatiana moyo. Muuguzi wa pale alikuwa na tabia ya kutangaza kilo kwa sauti. "Akinyi amepanda tena! Kerubo, wewe bado uko palepale." Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuchomwa na mizani kama nilivyochomwa. Nilirudi mjini siku hiyohiyo nikanunua sufuria yangu, mwiko wangu, sahani na kijiko, nikavifunga kwa leso na kuviweka chini ya kitanda. Nikaacha uji wa mchanganyiko wa dukani niliokuwa nimeudhania ni wimbi tupu. Nikamuuliza muuza samaki kama mafuta yake yamekaangiwa mandazi kwanza. Akinyi alinifundisha yote hayo, Jumapili kwa Jumapili, kwa moyo safi kabisa, naye hakujua nilikuwa nayasikiliza kama mtu anayeiba. Ningependa kusema nilishika masharti kwa kuogopa kufa au kwa kuupenda uhai. Niliyashika kwa sababu sikutaka apone peke yake. Mwezi uliofuata nikapanda. Mwezi wa pili nikapanda kumzidi, naye akapiga makofi palepale kliniki, akanikumbatia, na hilo nalo likaniudhi.

Wakati huo kulikuwa na Nyakundi, mwalimu wa Manga aliyetaka kunioa. Alikuwa mtu mzuri, msafi, mwenye maneno ya taratibu, na nilikuwa nimemweleza kila kitu. "Nitamwambia mama," aliniahidi kabla ya siku ya kwenda kunionyesha kwao. Tulipanda kilima kwa miguu asubuhi, kijia kikiwa bado na umande, na mama yake akatupokea kwa mikono yote miwili. Sebuleni kulikuwa na vitambaa vyeupe kwenye kila kiti na kalenda za miaka mitatu ukutani. Kisha kikaletwa kuku, na pembeni yake mnara wa chapati. Nilimtazama Nyakundi. Nyakundi akatazama kalenda.

"Kula, mwanangu," mama akasema. "Nimeamka mapema kukanda hizi. Umekonda, lazima tukuongeze."

Nilijua nikisema hapana nitakuwa nimesema hapana kwa nyumba nzima. Nilikula mbili. Zilikuwa tamu, na sitadanganya kuhusu hilo: mdomo wangu ulifurahi kama umekutana na ndugu. Tulipokuwa tukiteremka jioni nilihisi bado niko sawa, na Nyakundi akacheka kwa kufarijika, akanigusa bega. "Umeona? Hukufa."

Nilikaa kitandani wiki nzima. Hakuja kunitazama, alituma salamu. Na kila nilipofumba macho kumtafuta yeye, aliyenijia ni Ouma, ameinama kwenye bomba na mswaki wake.

Mizani ya mwezi huo ilisema ukweli mbele ya wote. Akinyi akanishika mkono akanitoa nje, kwenye benchi chini ya dirisha la kliniki.

"Umekula nini?"

"Sijakula kitu."

"Kerubo. Usinidanganye. Mimi nadanganya vizuri kukushinda."

Nikamweleza habari za Manga, na nilipofika kwenye zile chapati mbili akapiga ulimi kwa hasira, akaniuliza kwa nini sikukataa, mbona mimi ni mtu mzima. Hapo yote yakanitoka. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema, yeye ambaye mumewe ananawa mdomo kabla ya kuvuka kizingiti chake, yeye ambaye hana jirani wa kumzushia ugonjwa, yeye ambaye amepewa kila kitu. Nikamwambia simwezi. Nikamwambia namwonea wivu mpaka nashindwa kulala. Nilisema kwa sauti, watu waliokuwa wakingoja dawa wakageuka.

Akinyi, mwanamke yule wa sauti kubwa, akajibu polepole.

"Unajua ni kwa nini Ouma anaosha mdomo? Tumezika watatu. Wawili walitoka mapema. Wa tatu alifika miezi saba, alikuwa na nywele. Watu wa Ouma walisema mimi nina kitu tumboni kinakula watoto. Na Ouma, kwa vile aliniona nimekonda, alikuwa ananiletea mkate kila jioni. Kila jioni. Kwa mapenzi, Kerubo, ati nipate nguvu ya kubeba mtoto. Anapaka siagi mwenyewe, anakaa hapo mpaka nimalize. Siku daktari alituambia kwamba ni ule mkate, yule mwanaume alilia mpaka nikaogopa." Akavuta pumzi. "Wewe umeambiwa ukiwa msichana. Hujazika mtu. Mimi nikikuangalia umekaa hapo, mdogo, tumbo lako bado halijafanya msiba, nasikia wivu mpaka kifua inauma. Lakini Jumapili nakupikia. Sasa wewe unataka nifanye nini tena?"

Tulikaa kwenye benchi lile mpaka muuguzi akaja kufunga dirisha, mkono wangu ukiwa bado ndani ya mkono wake.

Mtu angeweza kuuliza kama wivu uliisha siku hiyo. Haukuisha. Ulihama chumba tu. Nilimwandikia Nyakundi kwamba basi, naye hakubisha, na mwaka uliofuata akaoa binti anayekula kila kitu, ambaye nilimwonea wivu kwa muda nisioutaja. Na Akinyi akapata mimba. Aliponiambia nilimkumbatia, nikalia kwa furaha ya kweli, na njiani kurudi nikalia tena kwa ule wivu. Ouma alimtembeza kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Wakili akampunguzia kazi. Na mimi nilikuwa na sufuria moja chini ya kitanda, Nyakoe.

Lakini Nyakoe kulikuwa na mwenye wivu mwingine, na sikumtambua. Moraa alirudi sokoni siku moja uso umemvimba. Akatua kikapu kwa kishindo.

"Kwani mimi nimeshindwa kukulisha?"

"Kumetokea nini tena, dada?"

"Watu wananiambia ati mdogo wangu analishwa na Wajaluo huko Daraja Mbili, na ndiyo maana amenona. Ati kwangu alikuwa anakufa njaa. Mimi! Mimi niliyekubeba mgongoni!" Akakaa kwenye kigoda, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Huyo Akinyi wako, anafanyaje?"

Nikamwambia. Sikuacha kitu, hata mswaki wa Ouma. Moraa alinisikiliza akiwa amekunja uso kama mtu anayesomewa mashtaka, na Ijumaa iliyofuata jiko lilikuwa tupu. Alikuwa ameosha kuta. Unga wa ngano aliuhamishia kwa mama mkwe wake, mwendo wa mashamba mawili ya chai, na aliyetaka chapati alimwambia aifuate huko. Watoto walinuna. Shemeji alikula ndizi siku hiyo kwa unyenyekevu nisioutegemea. Wimbi alilileta kutoka soko la Nyamache, akalipeta, akaliosha, akalianika kwenye mkeka mpya, na kwenye kisiagi alisimama mikono kiunoni akamlazimisha mwenye mashine asage mahindi kwanza, kusafisha mawe, na yale mahindi akawapa kuku. "Mke wa watu anaweza," alisema huku akisonga obokima, jasho likimtoka, "mimi nishindwe?" Jirani alipochungulia dirishani kuuliza mbona leo hakunukii chapati, Moraa alimjibu kwa sauti ya kufika barabarani: "Ngano inamuumiza mdogo wangu. Ni ngano. Umesikia? Kama kuna jina lingine unalo, lilete hapa tulisikie."

Nilikuwa uani. Niliacha kuchambua mboga, nikaiacha sentensi ile initulie mwilini yote.

Mtoto wa Akinyi alizaliwa kwa upasuaji, msichana, mzito, analia kama mamake anavyoongea. Ndiye Atieno. Jumapili moja baada ya wao kurudi nyumbani nilifika Daraja Mbili nimebeba mkungu wa ndizi begani, na kabla sijabisha hodi nikasikia kicheko ninachokijua tangu kuzaliwa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Moraa, ambaye hakuniambia kwamba angekuja, alikuwa ameketi kitandani kando ya Akinyi, mtoto amelala mapajani mwake, na katikati yao sinia moja la ugali wa wimbi na mboga ya saga, kila mmoja akimega kwa mkono wake. Walikuwa wananisengenya kwa Kiswahili kibovu kuliko changu. Moraa alikuwa akieleza jinsi nilivyokuwa nikinuna utotoni mtu mwingine akipewa ukoko wa sufuria, na Akinyi alikuwa ameshika kidonda chake kwa mkono wa kushoto, akicheka na kuomba asichekeshwe.

Hakuna aliyeniona. Nikasimama pale na ndizi zangu, na ule moto ninaoufahamu ukanipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Safari hii ulikuwa kwa dada yangu. Amemshika mtoto niliyemngoja mimi. Anakula kwa rafiki yangu. Ameketi mahali pangu.

Nikatua ndizi, nikavua viatu, nikanawa mikono bombani, nikaingia.

"Moraa," nikamwambia, "sogea."